Andreas Vesalius: Mwanafunzi wa Udaktari Aliyeiba Mifupa ili Ajifunze Mwenyewe

Najua nimekuwa kimya kwa siku kadhaa. Umeme ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua anachotaka, na kafe ninayoandikia mashine nzuri ni mbili tu, nyingine zote unabonyeza "a" inatoka "s". Basi tuyaache hayo, leo nimekuja na mzigo.

Juzi nilikuwa na binamu yangu mmoja, dada anayesoma udaktari mwaka wa kwanza. Kwao utaratibu ni wa mwanafunzi kujiongoza mwenyewe kwa sehemu kubwa. Wanapewa orodha ya mambo ya kujua, wanapewa vitabu, wanakaa kwenye vikundi vidogo, halafu kila mtu akapige msuli kivyake. Mwalimu wanakutana naye mkiwa na maswali. Somo linalomtoa jasho ni anatomia, yaani elimu ya jinsi mwili ulivyopangwa, nani kakaa wapi na kashikana na nani. Mtu mzima ana mifupa 206, na huyu dada anatakiwa aijue yote kwa majina, pamoja na kila kitundu na kila kipembe. Alikuwa karibu kulia, eti angalau wangekuwa na mwalimu wa kuwasimulia mwanzo mpaka mwisho.

Mi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne sijawahi kugusa mfupa wa binadamu. Shule niliyosoma tulipasua panya mmoja kwa darasa zima, na sisi wa viti vya nyuma tuliona migongo ya wenzetu tu. Kwa hiyo sikuwa na ushauri wa kitaalamu. Ila nilimkumbuka jamaa mmoja wa zamani sana ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa udaktari, yeye mwalimu wa kusimulia mwanzo mpaka mwisho alikuwa naye, na ndiyo ilikuwa shida yake! Nikamsimulia binamu, na leo nawasimulia na nyie.

KIJANA WA BRUSSELS

Jamaa mwenyewe kwa lugha ya kwao aliitwa Andries van Wesel. Vitabuni anajulikana kwa jina la Kilatini, Andreas Vesalius, maana enzi hizo msomi asiye na jina la Kilatini hakuhesabiwa. Alizaliwa Brussels tarehe 31 Desemba 1514, mji ambao sasa ni makao makuu ya Ubelgiji. Ukoo wake ulikuwa wa matabibu kwa vizazi kadhaa, na baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Charles V, mtawala aliyekuwa na sehemu kubwa ya Ulaya mkononi.

Nyumba yao haikuwa mbali na kilima walichokuwa wakinyongea wahalifu. Maiti ziliachwa juu pale zikiliwa na ndege mpaka ibaki mifupa, iwe fundisho kwa wengine. Mtoto anakua anaviona hivyo vitu kila siku kama sisi tunavyoona nguzo za umeme. Nyumbani kulikuwa na vitabu vya tiba vya babu zake, na dogo alikuwa anapasua panya, fuko, paka na mbwa ili aone ndani kuna nini.

Mwaka 1530 akaenda chuo cha Leuven, huko akala Kilatini na kidogo Kigiriki. Mwaka 1533 akiwa na miaka 18 akaenda Paris kusomea udaktari.

DARASA LENYEWE LILIVYOKUWA

Hapa inabidi niwaeleze kidogo, maana bila hivyo hamtaona ukubwa wa kasheshe.

Anatomia yote ya Ulaya wakati ule ilitoka kwa mtu mmoja, Galen. Huyu alikuwa Mgiriki wa mji wa Pergamon, uliopo Uturuki ya leo, alizaliwa kama mwaka 129. Alikuwa kichwa kweli kweli. Alianza kwa kutibu wapiganaji wa uwanjani, wale waliokatana mapanga watu wakishangilia, baadaye akawa tabibu wa makaisari wa Roma. Tatizo ni kwamba Warumi hawakuruhusu kupasua maiti za watu. Kwa hiyo Galen alipasua nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe, akaandika alichokiona, na watu wakasoma wakidhani anamwelezea binadamu. Wakasoma hivyo kwa zaidi ya miaka 1300.

Nisiwadanganye kwamba hakuna aliyeshtuka katikati. Tabibu mmoja wa Baghdad, Abd al-Latif al-Baghdadi, alikuwa Misri wakati wa njaa kali ya kuanzia mwaka 1200, akakuta mifupa ya watu imetapakaa. Akaangalia mataya mengi kwa macho yake, akaandika kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, wakati Galen alisema ni miwili. Na Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alisema ukuta wa katikati ya moyo hauna vitundu vya kupitisha damu, kinyume cha Galen. Ila habari hizo hazikuwafikia wanafunzi wa Paris. Wao walikuwa na Galen, basi.

Sasa somo la kupasua maiti lilifanyikaje? Profesa anakaa kwenye kiti cha juu kama mimbari, anasoma kitabu cha Galen kwa Kilatini. Chini mezani kuna kinyozi (ndio, kinyozi, wao ndio walikuwa na wembe na ndio walikuwa wapasuaji) ambaye Kilatini hajui. Anakata. Mtu wa tatu ana fimbo, anaonyesha. Profesa hajashika kitu, kinyozi haelewi kinachosomwa, na mwanafunzi yupo mbali anachungulia. Kitabu kikisema ini lina mapande matano, na pale mezani ini halina mapande matano, hakuna anayesema kitu. Aliyekosea ni maiti!

Halafu hapakuwa na jokofu. Upasuaji ulifanyika majira ya baridi, mara chache sana kwa mwaka, na ulikwisha kwa siku chache kwa sababu ya harufu. Ilibidi waanze na tumbo maana ndilo linaoza kwanza, kisha kifua, kisha kichwa. Mikono, miguu, misuli na mifupa yenyewe walikuwa wanaipitia juu juu au hawaipiti kabisa. Mwanafunzi angeweza kumaliza udaktari wake bila kuonyeshwa vizuri msuli hata mmoja wa mkono.

Vesalius alikuwa na walimu wawili wakubwa pale, Jacobus Sylvius na Johann Guinter wa Andernach. Wote wasomi wa Galen waliobobea, Guinter alikuwa amemtafsiri Galen kutoka Kigiriki. Lakini baadaye Vesalius aliandika kuwa huyo Guinter hajawahi kumwona ameshika kisu isipokuwa mezani wakati wa kula. Maneno makali kwa mwalimu wako! Ingawa kwa haki tuseme Guinter hakuwa na roho mbaya, kwenye kitabu chake cha mwaka 1536 alimtaja kijana huyu na kumsifia msaada wake.

ANAAMUA KUJIFUNZA KIVYAKE

Katika upasuaji wa tatu aliohudhuria, Vesalius alishindwa kuvumilia jinsi vinyozi walivyokuwa wanachana chana. Wenzake na walimu wakamsukuma mbele, akachukua kisu mwenyewe, akamaliza kazi. Kuanzia hapo hakurudi kukaa kwenye benchi.

Lakini maiti za kujifunzia hazikutosha, kwa hiyo akageukia mifupa. Paris kulikuwa na makaburi makubwa ya Watakatifu Wasio na Hatia, yaliyojaa kiasi kwamba walikuwa wanafukua mifupa ya zamani ili kupata nafasi ya wapya, na ile ya zamani wanairundika. Vesalius na wenzake wakawa wanashinda huko. Wakati mwingine walikwenda Montfaucon, mahali pa kunyongea nje ya mji, na kuna siku walizingirwa na mbwa wakali wanaokula maiti, nusura wao ndio wawe maiti.

Sasa sikilizeni alivyokuwa anasoma. Alikuwa anafungwa kitambaa machoni, wenzake wanampa mfupa wowote kutoka kwenye rundo, anaupapasa, anataja jina. Waliwekeana dau! Mpaka ikafika hakuna mfupa waliompa akashindwa kuutaja kwa kugusa tu. Hakuna mwalimu aliyempa zoezi hilo, walilibuni wenyewe kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwafundisha mifupa.

(Binamu yangu hapa aliacha kulia akaanza kusikiliza.)

Mwaka 1536 vita vikazuka kati ya mfalme wa Ufaransa na Kaisari Charles, na Vesalius kwa kuwa ni mtu wa upande wa Kaisari ikabidi aondoke Paris bila kumaliza. Akarudi Leuven. Na huko ndiko kilitokea kile kisa kilichonifanya niandike kichwa cha habari hivyo.

Siku moja alikuwa anatembea nje ya mji na rafiki yake Gemma Frisius, aliyekuja kuwa mtaalamu maarufu wa hesabu na ramani. Wakafika mahali wanapowekwa walionyongwa. Wakakuta mwizi mmoja ambaye nyama zote zimeshaliwa na ndege, kabaki mifupa mitupu, lakini mifupa bado imeshikana kwa kano zake toka juu mpaka chini. Kwa mwanafunzi wa anatomia hiyo ilikuwa ni dhahabu. Vesalius akapanda ule mti kwa msaada wa rafiki yake, akavuta paja likachomoka, akachukua na mikono, akapeleka nyumbani kwa siri kidogo kidogo. Kifua na kichwa vilikuwa vimefungwa kwa mnyororo. Akafanya hivi: jioni akabaki nje ya mji makusudi mpaka malango yakafungwa, akarudi kwenye ule mti peke yake usiku, akapanda tena, akanyofoa. Vipande vichache vilikosekana ikabidi avitafute kwingine. Akaichemsha mifupa yote kwa siri, akaisafisha, akaiunganisha ikasimama kama mtu. Watu walipomuuliza kaipata wapi, akasema kaja nayo kutoka Paris!

Hivyo ndivyo alivyopata kielelezo chake cha kwanza. Alikuwa na miaka 21 au 22.

PADUA

Februari 1537 akachapisha kazi yake ya shahada ya kwanza, ambayo ilikuwa juu ya kitabu cha tisa cha al-Razi, tabibu mkubwa wa Uajemi. Halafu akavuka milima kwenda Italia, chuo cha Padua, kilichokuwa chini ya jamhuri ya Venice na kilichokuwa na hewa ya uhuru kuliko Paris. Walimpa mitihani, akapata udaktari tarehe 5 Desemba 1537. Kesho yake, wadau, nasema KESHO YAKE, akapewa kazi ya kufundisha upasuaji na anatomia, akaanza kupasua mbele ya wanafunzi. Hajafikisha miaka 23.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoa watu watatu akabaki mmoja. Profesa, kinyozi na mtu wa fimbo wote wakawa yeye. Alishuka mezani, akakata mwenyewe, akaongea mwenyewe, akaonyesha mwenyewe. Na akaleta michoro. Mwaka 1538 alitoa karatasi kubwa sita za picha za mwili, tatu amechora yeye na tatu za mifupa amechora Jan van Calcar. Zikauzwa mpaka watu wa miji mingine wakaanza kuzidesa na kuziuza bila ruhusa. Msidhani uharamia umeanza na sidii.

Lakini angalia hapa, maana watu wengi wakisimulia habari zake wanaruka: zile karatasi sita zilikuwa na makosa ya Galen! Ini la mapande matano lipo. Yule kijana aliyepapasa mifupa kwa kufungwa macho, alipofika kwenye ini alichora alichosoma, si alichoona. Kuna pia kitu kinaitwa "wavu wa ajabu", mtandao wa mishipa chini ya ubongo, Galen aliuona kwa wanyama kama ng'ombe na kondoo. Binadamu hana. Vesalius mwenyewe baadaye alikiri kwa aibu kuwa alikuwa anaweka kichwa cha mwanakondoo karibu anapofundisha, ili awaonyeshe wanafunzi kitu ambacho kwenye kichwa cha mtu hakionekani. Yaani alikuwa anajua hakionekani na bado anakifundisha. Mimi hili ndilo linanigusa kuliko yote, kwa sababu ni kitu ambacho na sisi tumefanya kwenye mtihani, unaandika jibu la kitabu huku unajua panya wako hakuwa hivyo.

Mambo yakabadilika kidogo kidogo. Kuanzia 1539 hakimu mmoja wa Padua, Marcantonio Contarini, alimpatia maiti za walionyongwa, hata kuahirisha siku za kunyonga ili ziendane na ratiba ya darasa. Maiti zilipokuwa nyingi, Vesalius akaweza kurudia rudia. Na mwaka 1540 alialikwa Bologna. Asubuhi mzee mmoja, Matteo Corti, alikuwa anatoa mhadhara wa kutetea Galen, halafu Vesalius anapasua. Waligombana mbele ya wanafunzi wakishuhudia, na mwanafunzi mmoja Mjerumani, Baldasar Heseler, aliandika yote kwenye daftari lake, ndiyo maana tunajua. Vesalius akasimamisha mifupa ya mtu na mifupa ya nyani pembeni, akaonyesha kijipembe kwenye pingili za mgongo ambacho Galen alikitaja. Kwa nyani kipo. Kwa mtu hakipo. Hapo ndipo ilipodhihirika: Galen alikuwa anaeleza nyani.

Ukishashika ufunguo huo, milango yote inafunguka. Taya la chini mfupa mmoja. Mfupa wa kidari una sehemu tatu, sio saba. Ule wavu haupo. Na mbavu za mwanaume na mwanamke ni sawa, jozi 12 kila mmoja, maana wapo waliodhani mwanaume ana pungufu kwa ajili ya habari za Adamu.

MAITI ZILIKUWA ZA NANI?

Hapa lazima nisimame kidogo, na najua wengine mtanishambulia kwenye maoni. Tunamsifia, sawa. Lakini yule mwizi wa Leuven hakuulizwa. Kuna kisa kingine ambacho Vesalius mwenyewe kakiandika bila haya. Padua alifariki mwanamke mmoja aliyekuwa hawara wa mtawa. Wanafunzi wake wakaiba maiti kaburini, na ndugu walipolalamika pamoja na yule mtawa, wakamchuna ngozi yote ili asitambulike. Na ile picha maarufu ya mwanzo wa kitabu chake kikubwa, inayomwonyesha akipasua mwanamke katikati ya umati, ni ya mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa ambaye alijaribu kujiokoa kwa kudai ana mimba. Wakunga wakampima, wakasema hana.

Siku hizi kwenye nchi nyingi mtu anaweza kutoa mwili wake kwa hiari akiwa hai, akaandikiana kabisa. Enzi zile waliolala juu ya meza walikuwa maskini, wageni, waliohukumiwa na wasio na ndugu wa kuwatetea. Kwenye vitabu jina la Vesalius lipo, la yule mama halipo. Nilimuuliza binamu yangu kama wao wanajua majina ya maiti wanazojifunzia, akasema hapana, ila wanafundishwa kuziheshimu na hairuhusiwi kupiga picha. Nyie mnaonaje?

KITABU

Juni 1543, akiwa na miaka 28, kitabu chake kikatoka: De humani corporis fabrica, yaani muundo wa mwili wa binadamu, sehemu saba, kurasa zaidi ya 600, picha zaidi ya 200. Picha zilichongwa kwenye mbao Venice, zikabebwa na nyumbu kuvuka milima ya Alps mpaka Basel, Uswisi, kwa mchapaji Johannes Oporinus. Vesalius alikwenda mwenyewe kusimamia, maana alishaumizwa na wale waliodesa karatasi zake.

Picha zenyewe usipime. Watu waliochunwa ngozi wamesimama kwenye vilima vya karibu na Padua kama wanapunga upepo, kila ukurasa misuli inapungua tabaka moja, na ukizipanga pembeni kwa pembeni mandhari ya nyuma inaungana. Mifupa imeegemea jembe, mingine inatafakari fuvu. Hata herufi kubwa za mwanzo wa sura zina vichoro vya vitoto vinavyofukua makaburi na kubeba maiti, nadhani alikuwa anajichekea.

Pamoja na hicho kikubwa, alitoa kidogo cha muhtasari kwa ajili ya wanafunzi wasio na hela, kikiwa na kurasa ambazo unakata vipande vya viungo kwa mkasi na kuvibandika kimoja juu ya kingine mpaka unapata mtu kamili wa karatasi. Kilitafsiriwa Kijerumani mwaka huo huo. Kwa maneno mengine huyu jamaa alitengeneza kifaa cha kujifunzia mwenyewe nyumbani, kwa yule mwanafunzi anayekaa benchi la nyuma!

Hakikukosa makosa. Figo aliyoichora ni ya mbwa. Kuhusu vitundu vya ukuta wa moyo, toleo la kwanza alisema kwa kejeli kidogo kuwa anamshangaa Muumba kupitisha damu mahali pasipoonekana, na toleo la pili la mwaka 1555 ndipo aliposema wazi zaidi kuwa ana mashaka. Jibu la damu inavyozunguka lilikuja 1628 kwa William Harvey, Mwingereza ambaye naye alisoma Padua.

Akiwa Basel alipasua pia maiti ya mhalifu aliyekatwa kichwa, Jakob Karrer, akaiunganisha mifupa yake. Mifupa hiyo bado imetunzwa Basel mpaka leo, zaidi ya miaka 480. Huyu angalau jina lake limebaki.

KISHA AKAACHA

Ungetegemea baada ya hapo aendelee kufundisha mpaka uzee. Wapi! Mwalimu wake wa zamani Sylvius alikasirika, akasema Galen hakukosea bali miili ya watu ndiyo imebadilika tangu enzi zake. Mwaka 1551 akachapisha kijitabu kizima cha matusi, akaligeuza jina la Vesalius kwa Kilatini lisomeke kama mwendawazimu. Kabla ya hapo, Vesalius alipokuwa anaondoka Italia, alikuwa ameshachoma moto maandishi yake mengi kwa hasira, pamoja na maelezo aliyokuwa amekusanya juu ya vitabu vya Galen. Baadaye alijuta.

Akaenda kuwa tabibu wa Kaisari Charles V, kama ukoo wake ulivyozoea. Mwaka 1544 akaoa, mwaka uliofuata akapata binti. Kazi ikawa kutibu majeraha ya vita na jongo ya Kaisari, ambaye alikuwa mlafi asiyesikia ushauri. Mwaka 1559 mfalme Henry II wa Ufaransa alipochomwa jichoni na kipande cha mkuki kwenye michezo, Vesalius aliitwa Paris kumhudumia pamoja na mpasuaji Ambroise Paré. Mfalme alifariki baada ya siku kumi. Mwaka huo huo akahamia Hispania na mfalme Philip II.

Huko Hispania akapata kitabu kipya cha Gabriele Falloppio, mwalimu wa Padua, kilichochapwa 1561, kikiendeleza na kumsahihisha yeye Vesalius kwa adabu. Akaandika majibu, na unasikia kabisa wivu na hamu ya kurudi. Alilalamika kuwa alipo hawezi kupata hata fuvu moja la kichwa la kuangalia. Mtu aliyekuwa na makaburi mazima ya Paris!

Mwaka 1564 akaondoka Hispania kwenda kuhiji Jerusalem. Kwa nini, watu wanabishana. Kuna stori inayozungushwa sana kwamba alimpasua mtu wa ukoo mkubwa moyo ukiwa bado unapiga, akahukumiwa na kanisa, mfalme akamwokoa kwa kumtuma hija. Ushahidi wake haupo, msiibebe. Alifika Jerusalem, na wakati wa kurudi safari ya baharini ikawa mbaya. Akateremka kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akafariki hapo Oktoba 1564 akiwa na miaka 49. Kaburi lake halijulikani lilipo. Yeye aliyefukua ya wenzake, lake limepotea, na mifupa yake hakuna aliyeipapasa.

Zile mbao za picha zilidumu karibu miaka 400. Mwaka 1934 zilichapa picha tena, zikiwa safi kabisa, kisha zikateketea Munich kwa mabomu ya vita vya pili vya dunia.

Binamu yangu nimemwacha na kitambaa. Wenzake wa kikundi wameazima mifupa ya plastiki, wanafungana macho zamu kwa zamu, anayekosea ananunua soda. Ijumaa wana jaribio la mkono. Kifundo peke yake kina mifupa minane, na juzi jioni alikuwa anaijua sita.

Wenye nyongeza, karibuni kwenye maoni hapo chini.